Aya Zinapogongana: Kitenzi "Kutii" katika Biblia ya Kiswahili na Wasomaji wa Bonde la Ufa

Utangulizi

Swala la aya za Biblia zinazoonekana kupingana limejadiliwa na wanatheolojia kwa karne nyingi, na si nia ya makala haya kuwaingilia katika uwanja wao. Wapo waliozikusanya aya hizo ili kuthibitisha kwamba kitabu hicho hakiwezi kuwa neno la Mungu, na wapo waliozikusanya ili kuonyesha kwamba migongano yote ni ya juujuu tu. Katika kundi la kwanza, mtu aliyesikika sana Afrika Mashariki ni Ahmed Deedat wa Durban (1918–2005). Hoja zake zilichukuliwa na kuendelezwa katika mihadhara ya hadhara iliyoenea katika miji ya Tanzania na Kenya tangu miaka ya 1980. Kundi la pili ni la wahubiri waliojitokeza kumjibu yeye na wafuasi wake.

Makundi haya mawili hayakubaliani karibu katika kila jambo, lakini yanafanana katika jambo moja ambalo mwanafunzi wa lugha hawezi kulinyamazia. Yote mawili yanabishana kwa Kiswahili, yakiwa yameshika Biblia ya Kiswahili, na yote mawili huitumia lugha hiyo kana kwamba ni kioo safi kisichoongeza wala kupunguza. Mbishi husema, "Imeandikwa hivi hapa, na vile pale." Mjibu naye hukubali kwamba imeandikwa hivyo, kisha hutafuta njia ya kuzipatanisha aya. Ni nadra kumsikia yeyote kati yao akiuliza: imeandikwa na nani, kwa neno gani, na neno hilo lilikuwa limekwisha kubeba maana gani kabla ya kuingizwa katika aya?

Katika makala haya nitajaribu kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwamba sehemu ya migongano inayojadiliwa ni zao la tafsiri, si la maandiko ya asili, na kwamba kinyume chake pia hutokea: tafsiri huweza kuuficha mgongano uliopo. Pili, kwamba jambo hili si la wasomi peke yao. Nitachukua mfano wa kitenzi "kutii" jinsi kinavyotumika katika Warumi 13:1 na Matendo 5:29, na nitautazama mfano huo kutoka Nakuru na sehemu ya kati ya Bonde la Ufa nchini Kenya, ambako miongo michache iliyopita swala la nani atiiwe, na kwa kiasi gani, lilikuwa swala la maisha na mauti.

Aina tatu za mgongano

Kabla ya kuingia katika kiini cha hoja yafaa tutenganishe mambo ambayo kwa kawaida huchanganywa.

Aina ya kwanza ni mgongano ulio katika maandiko yenyewe, ambao hakuna tafsiri nyofu inayoweza kuuondoa. Katika 2 Samweli 24:1 ni Mungu aliyemchochea Daudi awahesabu watu. Katika 1 Mambo ya Nyakati 21:1 ni Shetani. Hapa hakuna kosa la mnakili wala la mfasiri. Mwandishi wa pili, aliyeishi baadaye, aliisimulia habari ile ile kwa mtazamo mwingine kuhusu chanzo cha uovu. Mfasiri anayeulainisha mgongano huu anamnyima msomaji nafasi ya kuona jinsi fikra zilivyobadilika ndani ya kitabu kimoja.

Aina ya pili ni ile inayotokana na kunakili. Katika 2 Wafalme 8:26 Ahazia anaanza kutawala akiwa na umri wa miaka 22. Katika 2 Mambo ya Nyakati 22:2, kwa mujibu wa maandishi ya Kiebrania tuliyorithi, ana miaka 42. Aya ya mwisho ya sura iliyotangulia inasema kwamba baba yake alianza kutawala akiwa na miaka 32, akatawala miaka 8, akafa. Yaani mtoto amemzidi baba yake miaka 2. Tafsiri ya kale ya Kisiria ina 22 mahali pote pawili. Mgongano wa namna hii hautudai falsafa yoyote. Unatudai tukumbuke kwamba vitabu vilinakiliwa kwa mkono, na kwamba mkono huchoka.

Aina ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi, nayo ni mgongano unaozaliwa, au unaonolewa, au unaofutwa na lugha inayofasiriwa. Hapa ndipo idara za lugha zinapokuwa na la kusema.

Pembeni mwa aina hizi tatu kuna migongano ya makusudi. Mithali 26:4 na 26:5 zinakataza na kuamuru jambo lile lile kuhusu kumjibu mpumbavu, tena zimewekwa zikifuatana. Mswahili hana haja ya kushangaa. Anajua kwamba haraka haraka haina baraka, na anajua pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Hakuna aliyewahi kuitisha mhadhara kuzishitaki methali hizi kwa kupingana, kwa sababu kila mwenye lugha anajua kwamba methali husubiri mahali pake. Kwamba msomaji yule yule huupoteza ujuzi huu mara anapofungua Biblia ni jambo linalostahili kufikiriwa. Labda ni kwa sababu tumefundishwa kwamba lugha ya Biblia si lugha yetu, bali ni lugha ya sheria.

"Kusikia" njiani kwenda Dameski

Mfano unaotajwa sana ni habari ya kuongoka kwa Paulo. Katika Matendo 9:7 wenzake wanaisikia sauti; katika 22:9 hawaisikii. Biblia ya Muungano ya 1952, ambayo kwa wasomaji wengi wa Kiprotestanti ndiyo Biblia yenyewe, inatumia kitenzi "kusikia" mahali pote pawili, mara moja kwa kukubali na mara moja kwa kukanusha.

Jibu la kawaida linasema kwamba katika Kiyunani kitenzi "akouo" kinafuatwa na jina katika hali mbili tofauti. Katika sura ya 9 wale watu waliusikia mlio tu, na katika sura ya 22 inaelezwa kwamba hawakuyaelewa maneno. Jibu hili linapendeza, lakini halikai imara likichunguzwa. Paulo mwenyewe, ambaye bila shaka aliyaelewa maneno, anasemwa ameisikia sauti katika 9:4 kwa hali moja na katika 22:7 kwa hali nyingine. Kama kanuni ingekuwa kweli, Paulo naye angekuwa ameelewa katika sura moja na hakuelewa katika nyingine. Kwa hiyo mfasiri anayeandika "hawakuelewa" katika 22:9, kama zilivyofanya baadhi ya tafsiri za kisasa za Kiingereza, anaandika maoni ya wafafanuzi badala ya maneno ya mwandishi.

Lakini tukirudi katika Kiswahili tunakuta jambo la kuvutia zaidi. "Kusikia" kwetu ni kitenzi kipana mno. Tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia njaa. Mtu hasikii Kiingereza, maana yake haielewi lugha hiyo. Mtoto hasikii, maana yake ni mkaidi. Upana huu hauko katika Kiswahili peke yake. Mkikuyu wa Njoro au wa Bahati anaposema "kũigua" anachukua pamoja kusikia, kuhisi na kuelewa. Ingedhaniwa basi kwamba msomaji wa Nakuru asingeona mgongano wowote, kwa kuwa kitenzi chake kina nafasi ya kutosha kuzibeba aya zote mbili.

Sivyo. Maana ya "kusikia" katika Kiswahili huamuliwa na yambwa yake. Yambwa ikiwa lugha, kitenzi huwa na maana ya kuelewa. Yambwa isipokuwapo, na mtendaji akiwa mtoto au mtumishi, huwa na maana ya kukubali amri. Yambwa ikiwa "sauti", kitenzi hurudi katika sikio. "Hawakuisikia sauti" kwa Mswahili ni kwamba masikio yao hayakupata kitu. Kwa hiyo mgongano unasimama, tena mkavu kabisa, katika lugha ambayo ingeweza kuukaribisha. Naona wafasiri wa 1952 walifanya vyema kuuacha. Waliuacha kwa sababu umo katika asili, na kazi ya mfasiri si kumwokoa mwandishi.

"Mzigo" na "furushi"

Mfano wa pili unaonyesha wafasiri hao hao wakifanya kazi ya sifa. Katika Wagalatia 6:2 Paulo anawataka wasomaji wake wasaidiane kubeba. Aya tatu baadaye anasema kila mtu atabeba kilicho chake. Asili ina majina mawili tofauti, "baros" na "phortion". La kwanza ni uzito unaomlemea mtu. La pili ni kile anachopangiwa mtu kukibeba, kama mzigo wa mpagazi au shehena ya chombo. Mfasiri angeandika "mzigo" mara mbili, angeanzisha mgongano ambao haukuwapo. Biblia ya Muungano ina "mizigo" katika aya ya 2 na "furushi" katika aya ya 5. Neno hili la pili limechaguliwa kwa usikivu. Furushi ni kitu alichokifunga mtu mwenyewe, anajua kilichomo ndani yake, na hawezi kumpa mwingine amfungulie njiani. Msomaji hahitaji mafafanuzi. Neno limekwisha kufafanua.

Nimeutaja mfano huu kwa sababu unathibitisha kwamba wafasiri wale walikuwa na sikio. Kwa hiyo mahali wanapotumia neno moja kwa maneno mawili ya asili, tuna haki ya kuuliza kwa nini.

"Kutii" katika Warumi na katika Matendo

Sasa tuingie katika kiini. Katika Warumi 13:1 msomaji wa Kiswahili anaambiwa aitii mamlaka. Katika Matendo 5:29 mitume, waliokatazwa na Baraza la Wayahudi wasifundishe, wanajibu kwamba yapasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Kitenzi ni kimoja, yambwa zimegongana. Kwa msomaji wa Kiswahili hizi ni amri mbili za aina moja: tii hawa, tii yule. Linalobaki ni kupanga nani wa kwanza. Tena neno "kuliko" linaweza kuchukuliwa kuwa ni la kulinganisha kiasi tu, kana kwamba wote wawili wanatiiwa ila mmoja kwa kipimo kikubwa zaidi.

Asili haina kitenzi kimoja. Matendo 5:29 ina "peitharkheo", yaani kumfuata mwenye amri kwa kutenda alichoamuru. Warumi 13:1 ina "hupotasso" katika hali ya kujitendea: kujiweka chini, kuchukua nafasi yako katika mpangilio wenye wa juu na wa chini. Ni neno la safu na daraja. Mtu anaweza kuitambua nafasi yake chini ya mamlaka na bado akakataa amri fulani, ilimradi akubali kubeba matokeo ya kukataa kwake. Hivyo ndivyo walivyofanya mitume katika sura ile ile ya Matendo: hawakuitenda amri ya Baraza, lakini hawakutoroka wala hawakushika silaha, walipigwa (5:40), wakatoka, wakaendelea kufundisha. Walikuwa chini ya mamlaka na hawakuitii. Katika Kiyunani sentensi hiyo ina maana nzuri. Katika Biblia ya Kiswahili haiwezi kusemwa, kwa sababu "kuwa chini ya" na "kutii" vimeshonwa pamoja kuwa kitu kimoja.

Je, wafasiri hawakuijua tofauti hii? Waliijua. Katika Tito 3:1 vitenzi vyote viwili vinafuatana katika sentensi moja, na hapo Biblia ya Muungano ina "kunyenyekea" kwa "hupotasso" na "kutii" kwa "peitharkheo". Mahali walipolazimishwa na asili kutofautisha, walitofautisha. Mahali ambapo vitenzi vilikuwa katika vitabu viwili mbalimbali, waliviunganisha. Tena usemi wa "chini ya mamlaka" haukuwa mgeni kwao. Umo katika habari ya yule akida wa Kirumi, Mathayo 8:9 na Luka 7:8. Katika Luka asili yake inajengwa kwa vipande vile vile vya Warumi 13:1: kuwekwa, chini, mamlaka. Neno lililohitajika lilikuwa limekwisha kutiwa katika Kiswahili kurasa chache nyuma.

Mfano wa Waefeso 5 unazidisha uzito wa hoja. Katika aya ya 21 waumini wote wanaambiwa wanyenyekeane. Katika aya ya 22 wake wanaambiwa wawatii waume zao. Msomaji anaona amri mbili: unyenyekevu wa wote kwa wote, na utii wa upande mmoja. Lakini nakala za kale kabisa za Kiyunani hazina kitenzi katika aya ya 22. Zinaazima kile kile cha aya ya 21. Hapa basi tafsiri imetenda kinyume cha ilivyotenda katika Warumi na Matendo: imechukua kitenzi kimoja na kukifanya viwili. Kisha katika 6:1 watoto wanaambiwa wawatii wazazi, kwa kitenzi kingine kabisa cha Kiyunani, "hupakouo", lakini kwa kitenzi kile kile cha Kiswahili walichopewa wake. Mke akawekwa katika sarufi ya mtoto. Wangapi wamesuluhishwa mbele ya wazee wa kanisa kwa aya hiyo, wakiambiwa kwamba ndivyo Paulo alivyosema?

Hakuna haja ya kudhani kwamba palikuwa na njama. Ni kweli kwamba Biblia ya Muungano ilitoka 1952, mwaka ambao serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari nchini Kenya, na mshawishi angeweza kujenga hoja juu ya sadfa hiyo. Lakini kazi ya tafsiri ilikuwa imeanza miaka mingi kabla, kwa nia ya kuunganisha mapokeo mawili, lile la Unguja lililozaa Biblia ya 1891 na lile la Mombasa lililozaa Biblia ya 1914. Maelezo ya kilugha yanatosha. "Kutii" lilikuwa na kiti chake katika lugha ya dini ya pwani, likiwa limetoka katika Kiarabu, na Waislamu walikuwa wamekwisha kulizoea katika kufasiri amri ya Sura ya Nisaa, aya ya 59, ya kumtii Mwenyezi Mungu, Mtume na wenye madaraka. Mfasiri aliyetafuta neno zito, la heshima na la kidini kwa ajili ya mtu na mamlaka alilikuta limeketi tayari. Alilichukua pamoja na uzito wake wote.

Wasomaji wa Bonde la Ufa

Nakuru ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Bonde la Ufa hadi mikoa ilipotoa nafasi kwa kaunti mwaka 2013. Ni mji wa reli na wa mashamba, ambamo Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, Wakisii na wengineo walikutana wakiwa hawana lugha ya pamoja isipokuwa Kiswahili. Vijijini mtu huweza kusali kwa lugha ya mama. Mjini, sokoni na katika makambi, aya husomwa kwa Kiswahili, na msomaji wa Bonde la Ufa hana Kiswahili cha pwani cha kumsaidia kuonja tofauti za ndani za maneno. Kiswahili chake cha heshima amekipata hasa mahali pawili: shuleni na katika Biblia. Kwa hiyo neno likisimama katika Biblia, kwake limesimama katika lugha.

Katika miaka ya 1980 neno "utii" lilikuwa na makao mengine pia. Mwaka 1982 Kenya ilifanywa kisheria kuwa nchi ya chama kimoja. Mwezi Septemba 1984 Rais Daniel arap Moi, ambaye makazi yake ya Kabarak yako karibu na mji wa Nakuru, aliwataka mawaziri na wananchi waimbe wimbo wake kama kasuku. Mwaka 1986 KANU ilipoleta upigaji kura wa mlolongo, Baraza la Kitaifa la Makanisa liliupinga. Kanisa la African Inland, ambalo Rais alikuwa muumini wake, likajitoa katika Baraza hilo. Mabishano yaliyofuata kati ya viongozi wa dini na wa siasa yalikuwa kwa sehemu kubwa mabishano ya aya. Waliounga mkono utawala waliifungua Warumi 13. Waliopinga waliifungua Matendo 5. Msikilizaji wa kawaida alibaki na picha ya kitabu kinachogombana chenyewe kwa chenyewe, na alilazimika kuchagua aya kama mtu anavyochagua upande.

Kisha neno likatoka damu. Mapigano yaliyoanza Oktoba 1991 katika shamba la Meteitei, Tinderet, yalienea mwaka 1992 hadi Molo na Olenguruone katika wilaya ya Nakuru. Maelfu ya watu walipoteza makazi. Mwishoni mwa 1993 wakimbizi wa Enoosupukia walijazana Maela karibu na Naivasha, na Desemba 1994 kambi hiyo ilivunjwa na serikali. Askofu Mkatoliki wa Nakuru kutoka 1971 hadi 1996, Raphael Ndingi Mwana'a Nzeki, aliyalaani mapigano hayo waziwazi, na kwa ajili hiyo alitajwa kuwa mtu asiye na heshima kwa mamlaka. Swali lililomkabili kila kasisi, kila chifu na kila mkulima aliyeambiwa ahame lilikuwa lile lile: je, kukataa amri ni kuikataa mamlaka? Biblia ya Kiyunani ina nafasi ya kujibu "la". Biblia ya Kiswahili, kwa sababu ya kitenzi kimoja, haikumwachia msomaji nafasi hiyo. Ilibidi mtu aitoe nje ya maandishi, kwa ujasiri wake mwenyewe, na wengi hawakuthubutu.

Sisemi kwamba tafsiri ilileta mapigano. Yaliletwa na ardhi, na kura, na watu waliokuwa na majina na magari. Ninachosema ni kwamba lugha huandaa au hufunga njia za kukataa kwa heshima, na kwamba katika mahali na wakati huo njia moja ilikuwa imefungwa na neno.

Pingamizi

Mwanazuoni mwangalifu atanijibu kwa hoja mbili, na zote mbili zina nguvu.

Ya kwanza ni kwamba vitenzi vya Kiyunani havitengani kwa ukuta. Katika 1 Petro 3:5–6 wake wa kale wanasifiwa kwa "hupotasso", na mara hiyo hiyo mfano wao anatolewa Sara, aliyemfuata Ibrahimu kwa "hupakouo". Kwa hiyo kujiweka chini na kusikia amri vinaweza kukaa nyumba moja. Hoja hii ni ya kweli, na inatuonya tusiifanye kamusi kuwa hakimu. Lakini kukaa nyumba moja si kuwa mtu mmoja. Kama yalikuwa ni kitu kimoja, Tito 3:1 ingekuwa imerudia maneno bure. Ninachodai si kwamba Paulo alikuwa mpinzani wa serikali. Warumi 13 itabaki aya ngumu kwa kila mwenye kuteswa na utawala. Ninachodai ni kwamba pengo lililopo kati ya maneno mawili katika asili libaki pengo katika tafsiri, na msomaji aachiwe kulipima mwenyewe.

Hoja ya pili inahusu neno mbadala. "Kunyenyekea", lililotumika katika Tito, linaweza kuwa baya zaidi. Katika nchi ambayo machifu wa kikoloni walizoea kusujudiwa, kumwambia mtu ainyenyekee serikali ni kumrudisha magotini. Nakubali. Ndiyo maana napendekeza usemi ambao Biblia ya Kiswahili inao tayari kwa akida: kuwa, au kujiweka, chini ya mamlaka. Usemi huu hauna utamu wa kidini, na huo ndio ubora wake. Unaeleza mahali mtu aliposimama, hauelezi atakachofanya akiamriwa. Biblia ya Habari Njema, iliyokamilika katika miaka ya 1990 kwa shabaha ya kurahisisha lugha, ilikuwa na nafasi ya kulitazama upya jambo hili, lakini katika Warumi 13:1 nayo imebaki na "kutii". Urahisi ulihifadhi ugumu.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba orodha za aya zinazopingana, kwa jinsi zinavyotumiwa kwetu, hazitofautishi mambo yasiyofanana. Umri wa Ahazia, hesabu ya Daudi, sauti ya Dameski, mizigo ya Wagalatia, na utii wa Warumi ni mambo matano ya asili mbalimbali, na kila moja linadai jibu lake. Anayeyashambulia yote kwa fimbo moja na anayeyatetea yote kwa ngao moja wanakosea kwa namna moja.

Kwa upande wa tafsiri, kanuni inayojitokeza ni nyepesi kuisema na ngumu kuitenda: mfasiri asiondoe mgongano uliopo, na asilete usiokuwapo. Katika "kusikia" wafasiri wa 1952 waliuacha uliopo. Katika "furushi" walizuia usiokuwapo. Katika "kutii" waliupa makali ambayo asili haikuwa nayo, na katika Waefeso waliwagawia mume na mke vitenzi viwili pale ambapo wote walipewa kimoja. Hesabu hii si ya kuwashusha. Ni ya kuonyesha kwamba kazi yao ni maandishi ya Kiswahili yanayostahili kuhakikiwa kama maandishi mengine ya Kiswahili, neno kwa neno, badala ya kuachwa mikononi mwa wahubiri na wahadhiri peke yao.

Idara za lugha katika vyuo vyetu, vya Njoro na kwingineko, zimehakiki ushairi, riwaya na tamthilia kwa bidii kubwa. Kitabu ambacho Wakenya wengi wamekisoma kwa Kiswahili kuliko riwaya zote zikiwekwa pamoja zimekigusa kidogo sana. Pa kuanzia pako wazi: iandaliwe orodha ya vitenzi vya amri na utii katika tafsiri zote za Kiswahili tangu 1891, kila kimoja kikilinganishwa na asili yake. Orodha hiyo haitamaliza mabishano ya sokoni, lakini itawawezesha wanaobishana kujua wakati wanapogombana na Paulo, na wakati wanapogombana na kamati.